Kiswahili Kilipoacha Kuamrisha

Sentensi za kwanza za Kiswahili nilizozijua zilikuwa za neno moja moja, na zote zilikuwa amri: simama, kaa, lala, leta, fungua, toka. Nilizaliwa mwaka 1988 si mbali na mji wa Gulu, na utoto wangu ulipita katika vita vya kaskazini mwa Uganda. Kuanzia mwaka 1996, serikali ilipowahamishia watu wetu katika kambi, Kiswahili kilitujia kutoka vinywani mwa watu wenye bunduki, kwenye vizuizi vya barabarani na kwenye mistari ya kuhesabiwa. Nyumbani tulisema Kiacholi, darasani tulisoma kwa Kiingereza, na Kiswahili kilikuwa lugha ambayo mtoto aliijua kwa miguu kabla ya kuijua kwa kichwa, kwa sababu alipoisikia alipaswa kuamua upesi kama atasimama au atakimbia. Sikujua kwamba lugha hiyo ina "laiti" na "huenda", kwamba mtu anaweza kuomboleza nayo, kubembeleza nayo, au kumtania shemeji yake nayo.

Kilichonitoa katika dhana hiyo ni ubeti mmoja. Nilikuwa kidato cha tatu, na mwalimu wetu mpya wa Kiswahili, mtu wa Busia mpakani, hakuanza somo kwa kutusalimu wala kwa kuandika ubaoni. Alifunga mlango, akasimama, akaghani mishororo minne kwa mahadhi ambayo masikio yangu hayakuwahi kuyasikia. Nusu ya maneno sikuyaelewa. Nilichoelewa ni kwamba mtu anayesema katika maneno yale ana huzuni na hataki watu waijue. Kwamba Kiswahili kinaweza kuficha huzuni lilikuwa jambo geni kwangu kiasi kwamba nililala nalo siku ile na siku zilizofuata.

Leo nafundisha Kiswahili na fasihi yake katika shule ya sekondari mjini Gulu, na ninataka kuandika juu ya tanzu mbili ambazo walimu wengi wa huku kwetu huziweka mwisho wa mwaka, kama zitafikiwa: ushairi na tamthilia. Utaratibu uliozoeleka ni kuanza na sarufi, kufuata na ufahamu, halafu hadithi fupi, na kama muda upo, riwaya. Ushairi unaogopwa kwa sababu ya msamiati wake wa pwani, na tamthilia inaahirishwa kwa sababu inahitaji nafasi, kelele na mavazi. Baada ya miaka kumi na zaidi ya kufundisha nimefikia msimamo ulio kinyume kabisa. Kwa mwanafunzi ambaye Kiswahili si lugha ya mama yake, tanzu hizi mbili ndizo mlango, kwa sababu zote mbili ni tanzu za kinywa. Humpa mwanafunzi mtu wa kuwa na jambo la kumwambia mtu mwingine, kabla hajaulizwa ngeli za nomino.

Nakiri kwamba sikuanza hivyo. Miaka yangu ya mwanzo niliandikisha madokezo kama nilivyoandikishwa mimi chuoni. Nilichora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja niliandika kwamba ushairi una beti, mishororo, vina na mizani, na kwamba husemwa na nafsineni, yaani yule anayesema ndani ya shairi. Upande wa pili nikaandika kwamba tamthilia ina wahusika, maonyesho, mazungumzo na maelekezo ya jukwaani. Wanafunzi walinakili vizuri, na katika mtihani walirudisha madokezo yale neno kwa neno. Kisha mwaka mmoja nikaleta darasani Wimbo wa Lawino, na binti mmoja wa kidato cha nne, baada ya kusikiliza kurasa mbili tu, akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, hili tuliweke upande gani wa ubao?"

Msomaji asiyetoka kaskazini pengine hataona uzito wa swali hilo mahali pale. Okot p'Bitek alizaliwa Gulu mwaka 1931. Utungo wake huo ulianzia katika Kiacholi. Tafsiri yake ya Kiingereza ikachapishwa Nairobi mwaka 1966, na matini ya Kiacholi yakafuata mwaka 1969. Baadaye Paul Sozigwa akautia katika Kiswahili. Kwa hiyo wanafunzi wangu walikuwa wanamsikia mwanamke wa kwao, anayesema mambo ya kwao, katika lugha ambayo wazazi wao waliijua kwenye vizuizi vya barabarani. Methali inayoubeba utungo mzima, kwamba shina la boga katika boma la zamani haling'olewi, waliijua kwa Kiacholi tangu utotoni: *te okono obur bong luputu*. Niliposoma methali hiyo kwa Kiswahili, darasa zima liliitikia kwa Kiacholi bila kuambiwa.

Sasa, utungo huo uwekwe wapi? Una mistari mifupi, picha, takriri na mwendo wa nyimbo za Acholi, hivyo ni ushairi, na hakuna anayebisha. Lakini Lawino hazungumzi peke yake kama mtu anayewaza. Anamsemesha mumewe Ocol, ambaye amesoma na sasa anamdharau; anaugeukia ukoo wake na kuulalamikia; anamwigiza mwanamke mwenziwe, Clementine, anavyojipaka poda na anavyojaribu kufanana na Mzungu. Anaigiza, tena kwa kutumia sauti za watu wengine ndani ya sauti yake. Na Ocol hajibu. Hajibu neno lolote mpaka mwaka 1970, Okot alipotoa utungo wa pili ambamo mume anapewa nafasi yake. Kwa miaka minne wasomaji walisikiliza nusu ya ugomvi.

Nilimwambia yule binti asimame mbele asome maneno ya Lawino, na nikamteua kijana mmoja asimame kando awe Ocol, asiseme chochote. Darasa lilicheka kwanza. Baada ya dakika chache likanyamaza, kwa sababu kijana yule, ambaye hakuwa na neno hata moja la kusema, alianza kuutazama mlango, akaitazama saa ambayo hakuwa nayo mkononi, akafunga kifungo cha shati lake polepole, na kila alivyofanya hivyo maneno ya Lawino yaliuma zaidi. Hapo nilielewa kwamba mstari niliokuwa nauchora katikati ya ubao ulinisaidia mimi kupanga somo na haukuwasaidia wanafunzi kuisikia fasihi. Shairi linampa mwandishi sauti moja na kumwachia msikilizaji kazi ya kuwabuni wengine wote waliopo chumbani. Tamthilia inawaleta wengine hao mbele ya macho yetu na kumwondoa mwandishi, naye hubaki katika yale maandishi ya mlalo yanayosema kwamba fulani anaingia, fulani anakaa kimya. Tofauti ipo, na ni tofauti kubwa. Lakini ni tofauti ya nani amepewa ruhusa ya kusema na nani amenyimwa, na idadi ya mizani haigusi jambo hilo.

Waswahili wenyewe walilijua hili zamani kuliko walimu wa madokezo. Katika Mombasa ya Muyaka bin Haji, karne ya 19 ilipokuwa changa, malenga walijibizana kwa beti, huyu akitupa fumbo na yule akilifumbua, na mji mzima ukisikiliza. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, aliichukua desturi hiyo ya kujibizana akaitengenezea umbo la ngonjera, ambamo wahusika wawili au zaidi husimama mbele ya watu na kubishana kwa beti mpaka mmoja amkubali mwenzake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera zilienea katika shule za Tanzania kama chombo cha kuelezea siasa ya Ujamaa, na wapo wahakiki waliozidharau kwa sababu hiyo, wakisema kwamba ubishi wenyewe ni wa kupanga kwa kuwa mshindi anajulikana kabla ya ubeti wa kwanza. Lawama hiyo ina haki yake. Mimi naona ubovu ulikuwa katika kujua mshindi mapema, na umbo lenyewe halina kosa. Mtazame Abdilatif Abdalla katika diwani yake ya mwaka 1973, Sauti ya Dhiki: amewasimamisha ndugu wawili, Alii na Badi, wanaogombea mnazi, mmoja akiwa juu ya mti na mwingine chini, na beti zikipokezana kati yao. Ni shairi la kufuata kanuni zote za arudhi, yaani za vina na mizani, na ni onyesho ambalo unaweza kulitia jukwaani kesho asubuhi ukiwa na mti mmoja tu.

Kila mwaka, muhula wa kwanza, wanafunzi wangu hutunga ngonjera yao. Mwaka jana mada ilitoka kwao wenyewe: mama anataka mwanawe arudi shambani, na kijana anaendesha bodaboda mjini. Beti mbili walizozifungulia ni hizi, nami nilisaidia pale mizani ilipochechemea:

*Mama:*
Jembe lipo mlangoni, mwanangu walikimbia,
Masika yapo njiani, mbegu nani atatia?
Boda mbio mitaani, njaa haitazuia,
Rudi mwanangu shambani, jembe linakulilia.

*Mwana:*
Mama, jembe la zamani, mgongo unaumia,
Ada ya dada shuleni, boda ndiyo yalipia,
Na mafuta ya taani, ndiyo yatununulia,
Nitarejea jioni, mama, nitakulimia.

Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande kina mizani nane. Kina cha kati ni "ni" na cha mwisho ni "a". Kwa Mswahili aliyekua akisikia mashairi redioni hili ni jambo la kawaida. Kwa Mwacholi ni zoezi la matamshi ambalo hakuna kitabu cha sarufi kinachoweza kulifikia. Maneno mengi ya Kiacholi huishia kwa konsonanti: nyumba ni *ot*, wimbo ni *wer*, nyasi ni *lum*. Kwa sababu hiyo wanafunzi wetu hula irabu za mwisho za Kiswahili. Husema "kitab" na "mwalim" na kuona wamemaliza neno. Ukiwasahihisha mara mia watarudia mara mia na moja. Lakini ukiwaambia wahesabu mizani kwa vidole, mshororo wenyewe ndio unaowasahihisha, kwa kuwa kidole kimoja kinabaki hakina silabi, na mwanafunzi anarudi kuitafuta irabu aliyoimeza.

Ubishi mkubwa ulizuka juu ya kituo, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti. Kundi la mama lilitaka mwana arudie kituo kile kile cha mama, kama kanuni ya kibwagizo inavyoelekeza, na kundi la mwana likakataa kabisa. Msichana aliyekuwa kiongozi wao alisema kwamba kijana akirudia maneno ya mama yake atakuwa ameshindwa kabla hajamaliza kusema. Hilo ni jibu la mtunzi wa tamthilia. Alikuwa ameona kwamba kibwagizo, ambacho katika shairi la kawaida ni pambo na uzi wa kushonea beti, kikiwekwa kinywani mwa mhusika kinakuwa msimamo. Niliwaachia uamuzi, wakamwachia mwana kituo chake.

Sitakaa sana juu ya ule mgogoro wa ushairi wa vina na ushairi huru, uliopamba moto hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974. Hoja za pande zote mbili zimeandikwa na watu wenye elimu kuliko yangu. Nasema tu kwamba mtu anayedai kuwa utungo usio na vina si ushairi aje Gulu amweleze hivyo bibi yeyote aliyewahi kusikia nyimbo za *nanga*, ala yetu ya nyuzi, zikipigwa jioni, kisha asikilize atakavyojibiwa. Mimi naanza na arudhi kwa ajili ya sikio na ulimi, halafu naenda kwa Lawino, na wanafunzi hawajawahi kuniuliza kwa nini nimebadilisha dini.

Hapo zamani watoto wa Acholi walifunzwa haya yote bila darasa, kwenye *wang oo*, moto wa jioni uliowashwa uani, ambapo hadithi iligeuka wimbo na wimbo ukageuka mchezo, na msimulizi akanguruma kama simba na kulia kama sungura. Pio Zirimu, mtaalamu wa isimu wa Makerere, ndiye aliyebuni neno la Kiingereza la kuitaja fasihi ya namna hiyo kama fasihi kamili, ili isiitwe tena masalio ya watu wasiojua kuandika. Sisi tunaiita fasihi simulizi. Kambini moto huo haukuwashwa kwetu. Nyumba zilibanana mno, na giza lilipoingia kila mtu alijifungia. Kizazi changu kiliyasikia masimulizi kwa vipande vipande, na ninapowaona wanafunzi wanasimama mbele ya darasa kubishana kwa beti, huwa nafikiri juu ya jioni zile zilizonyamaza.

Na sasa nije kwenye tamthilia iliyonifunza zaidi. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilichapishwa mwaka 1969, na inafundishwa kila mahali ambapo Kiswahili kinafundishwa, aghalabu kama historia ya Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907 iliyovalishwa mazungumzo. Kinjeketile anaingia mtoni, anatoka akiwa na habari ya maji yatakayowalinda watu dhidi ya risasi, na makabila yaliyokuwa yakichukiana yanaungana kwa nguvu ya habari hiyo. Anawaomba wangoje. Hawangoji. Wanakwenda vitani, na bunduki za Wajerumani zinafanya kazi yake. Mwishoni, akiwa kifungoni, anatakiwa aseme mbele ya watu kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa sababu anajua kwamba akisema hivyo, vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Neno alilolizaa limekua likamzidi yeye mwenyewe.

Nilipoifundisha mara ya kwanza sikufikiri ninaifundishia wapi. Nilikuwa na vielelezo vyangu vya maudhui, dhamira na usawiri wa wahusika, kama mwalimu wa Morogoro au wa Machakos anavyokuwa navyo. Lakini mwaka 1986, si mbali na tulipokuwa tumekaa, Alice Auma, aliyeitwa Lakwena, yaani mjumbe, alikusanya jeshi na kuwapaka wapiganaji mafuta ya *yaa*, yale yanayokamuliwa kutoka kokwa za mti wa porini kwetu, ili risasi zisiwadhuru. Walisonga mbele wakiimba nyimbo za dini, wakiwa wamekatazwa kujificha. Walitembea hivyo mpaka karibu na Jinja, ambako walishindwa mwaka 1987. Hakuna ukoo katika nchi yetu ambao hauna jina la mtu aliyekwenda na hakurudi. Kwa hiyo mwanafunzi anapofika mahali ambapo Kinjeketile anaanza kuyatilia shaka maji aliyoyaleta, hapa Gulu hasomi habari za Kusini mwa Tanganyika tu. Darasa langu la kwanza lilinyamaza kwa namna ambayo sikuizoea, mpaka kijana mmoja akasema polepole kwamba nyumbani kwao jambo kama hilo halizungumzwi.

Jambo ambalo riwaya au kitabu cha historia hakiwezi kulifanya, tamthilia ililifanya pale kwa sababu ya umbo lake. Mwandishi wa riwaya angelazimika kutuambia nini kilikuwa moyoni mwa mjumbe yule, kama aliamini au alidanganya. Hussein hasimami popote kutuambia. Ametupa maneno anayoyasema Kinjeketile akiwa amepandwa na mzuka na maneno anayoyasema baadaye akiwa peke yake na shaka yake, na katikati ya hayo ametuachia pengo. Mwigizaji analazimika kuamua lililomo katika pengo hilo, na hadhira inalazimika kuamua tena baada yake. Hata lugha inahama: anapotoka mtoni, usemi wake unaacha kuwa mazungumzo ya watu wawili na kukaribia ushairi, kisha maumivu yanapozidi unarudi chini, kwenye maneno makavu ya mtu aliyechoka. Mwanafunzi anayesoma kimya haoni kuhama huko. Anayetamka anaishiwa pumzi mahali pale pale ambapo Kinjeketile anaishiwa.

Kuna tofauti moja kati ya tanzu hizi ambayo madokezo yangu hayakuwa nayo, na ambayo historia ya eneo letu imeiandika kwa gharama kubwa. Shairi linaweza kuishi mfukoni. Abdilatif Abdalla aliziandika beti za diwani niliyoitaja akiwa kifungoni nchini Kenya, kati ya mwaka 1969 na 1972, juu ya karatasi za chooni, na beti zile zikatoka salama. Vina na mizani vilivyolaumiwa kuwa minyororo vina faida hiyo pia, kwamba mtu aliyenyang'anywa karatasi anaweza kuubeba ubeti kichwani na kujua mara moja kama ameangusha silabi. Tamthilia haina mfuko wa kujifichia. Inahitaji waigizaji, mahali, taa na watu waliokuja kutazama, na kwa sababu hiyo watawala huiona mapema. Byron Kawadwa, mkurugenzi wa Ukumbi wa Taifa wa michezo ya kuigiza mjini Kampala, ukumbi ambao Okot p'Bitek naye aliwahi kuuongoza, alipeleka mchezo wake wa nyimbo wa Kiganda, Oluyimba lwa Wankoko, kwenye tamasha kubwa la sanaa za Waafrika mjini Lagos mwaka 1977. Aliporudi alikamatwa na watu wa serikali ya Idi Amin na kuuawa. Zirimu, niliyemtaja juu, alifia Lagos kwenye tamasha hilohilo. Robert Serumaga, miaka ile ile, alizidi kuyapunguza maneno katika maigizo yake akaelekea kwenye ngoma, miondoko na milio, na mtu akitazama wakati wenyewe ataelewa kwa nini mwili ulianza kusema yale ambayo kinywa kisingeweza kuyasema.

Nawaeleza wanafunzi habari hizi kwa sababu wengi wao wanakuja wakiamini kwamba fasihi ni somo la wasioweza hesabu. Aidha, wanafundishwa Kiswahili kwa sababu ya maamuzi ya juu: katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Nayaunga mkono maamuzi hayo kwa moyo wote. Lakini kwa wazee wa huku, hata hilo lilisikika kama amri nyingine ya Kiswahili, na mwalimu anayeingia darasani na kitabu cha ngeli peke yake anaithibitisha hofu yao. Nakala za tamthilia hazitutoshi. Mwaka huu tulikuwa nazo sita kwa wanafunzi hamsini na wawili. Kwa utanzu huu upungufu huo unavumilika kuliko kwa riwaya, maana mhusika mmoja anaweza kunakiliwa kwenye kurasa chache za daftari, na kila mtu akawa na sehemu yake.

Muhula wa pili tuliamua kuonyesha maonyesho matatu ya Kinjeketile mbele ya wazazi, chini ya mwembe ulio nyuma ya bweni, na kutanguliza ngonjera ya mama na mwendesha boda ili watu wapate kucheka kwanza. Mapazia yalikuwa vitenge vya akina mama wa jikoni. Kijana aliyepewa nafasi ya askari wa Wajerumani alilalamika kwamba hajui kuamrisha. Kiswahili chake, alisema, kimekuwa cha vitabu mno. Nikampeleka kwa baba yangu mdogo, ambaye alikuwa askari katika jeshi lililoangushwa mwaka 1986, na ambaye hadi leo Kiswahili chake ni kile cha kambi ya jeshi. Kijana alimwita *ladit*, yaani mzee, akakaa chini, akaomba afundishwe kusema "simama". Baba alimfundisha jioni mbili. Alimwambia kwamba kosa lake ni kupaza sauti, kwani askari mwenye bunduki hahitaji sauti kubwa.

Siku ya onyesho baba alikuja amevaa koti lake la Jumapili, akaketi mstari wa mbele. Aliicheka sana ngonjera na kumuunga mkono mama. Kijana wake alipotokea na kusema "simama" kwa ile sauti ya chini, wazazi waliokuwa wamesimama pembeni walitikisika, nami nilimwona baba akiinamisha kichwa. Kisha Kinjeketile akatoka mtoni na chombo chake cha maji, akaanza kuwanyunyizia watu wake, na uwanja wote ukanyamaza isipokuwa watoto wadogo.

Ilipokwisha nilimfuata nimshike mkono tuondoke. Hakusimama mara moja. Alisema kwa Kiswahili, lugha ambayo hajawahi kuitumia kuzungumza nami nyumbani: "Mwalimu, yetu ilikuwa mafuta." Sikujua la kujibu, nikaketi kando yake. Baada ya muda akaniuliza kama yule mtu wa maji, mwisho wa kitabu, alisema uongo au hakusema. Nilimwambia kwamba hatukufika mwisho, kwamba tumeonyesha maonyesho matatu tu. Akaniomba nimletee kitabu chenyewe nikamsomee, na kwamba nikisoma nisikimbie.

Tumekisoma jioni nne hadi sasa, uani kwake, yeye akiniambia nirudie pale anapotaka. Maneno ya wazee ameanza kuyasoma mwenyewe.